Riwaya Aliyosomewa Bibi

Kakao ikivundikwa kwenye majani ya migomba hutoa harufu kali yenye utamu, kama togwa lililosahaulika mtungini. Hapa Ndandalo hakuna anayenunua kakao kunizidi, hilo halina ubishi, kwa hiyo harufu hiyo naivuta kila siku. Lakini asubuhi nyingine inanikamata vibaya. Namkumbuka bibi yangu, nakaa juu ya gunia kama mgeni ndani ya ghala langu mwenyewe.

Maktaba yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, kilichopakana na banda la kakao, na vitabu vyote vilinuka hivyohivyo. Aliyeitunza kwa kujitolea ni Dada Atupele, binti wa mfinyanzi kutoka Lyulilo. Jumapili baada ya ibada, wasomaji walisimama mlangoni kutupendekezea riwaya walizomaliza. Mwiko ulikuwa mmoja tu: hutaji mwisho. Mtu alisimulia hadi penye utamu, akafunga kitabu, akakaa, na hapo watu wakaanza kugombania kukiazima.

Jumapili moja fundi baiskeli alipendekeza riwaya ya mwanamke aliyepanda meli akamwacha mtoto wake, akaapa kurudi. Niliinyakua mbele ya watu wazima. Nilikuwa darasa la nne, na sikupata kuliona la tano, lakini kwa kusoma kwa sauti hakuna aliyenifikia.

Nilimsomea bibi, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Yeye herufi hakuzijua. Aliniita "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu, akinikataza kumeza maneno kama ndizi. Tuliishi wawili, maana mama alikuwa amevuka Mto Songwe kwenda Malawi na biashara ya vitenge, na kila aliyetoka ng'ambo alisema hajamwona.

Kila jioni bibi aliuliza kama yule mwanamke amerudi. Nikamjibu bado. Kitabu kilikuwa kinene, na bibi alidhoofika haraka kuliko nilivyosoma. Nilimfuata fundi baiskeli aniambie mwisho, akacheka, akasema macho ninayo. Wasomaji wengine walinijibu hivyohivyo. Nikaenda kwa Dada Atupele nikilia, nikamwambia bibi hali tena chakula. Akafunga mlango wa maktaba, tukaondoka pamoja.

Aliketi kando ya kitanda, akafungua kitabu kurasa za mwisho, akaanza kusoma. Meli imetia nanga. Mwanamke ameshuka na furushi lake, anakuja.

"Na mama yake?" bibi akauliza. "Alimkuta hai?"

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba mwanamke wa kitabuni hana mama, ana mtoto tu. Dada Atupele akanikanyaga kidole cha mguu.

"Alimkuta hai," akasoma. "Akamshika mkono, akamwambia, mama, nimechelewa, lakini nimekuja."

"Mama yake akasemaje?"

"Hapo hawajaandika, bibi."

"Mimi najua alivyosema." Bibi alifumba macho. "Alimwambia, karibu mwanangu, chakula kipo jikoni." Kisha akamshukuru Dada Atupele kwa lugha yetu, "Ndaga fijo."

Niliona kabisa kwamba Dada Atupele, tangu aanze kusoma, hakugeuza hata ukurasa mmoja. Nikadhani ameshakariri kitabu chote, nikamheshimu zaidi.

Tulimzika bibi wiki hiyohiyo. Baadaye nilimaliza riwaya mwenyewe. Mwanamke yule harudi. Nilikirudisha kitabu kwa hasira, nikamwambia Dada Atupele hajui kusoma. Akasema pengine ni kweli, akanipa kingine.

Mama alirudi kaburi likiwa limeshaota nyasi. Aliniuliza bibi alisema nini juu yake. Nikamjibu hakusema kitu, siku za mwisho tulizungumza habari za riwaya tu. Nikamsimulia, kama bibi alivyosomewa, jinsi mwanamke alivyoshuka melini, na mama yake alivyomkaribisha, chakula kipo jikoni. Mama akaketi chini pale pale mlangoni, akalia hadi majirani wakaja. Mimi nikashangaa mtu mzima kuwalilia watu wa kitabuni.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, usiku mmoja nikimsubiri binti yangu aliyechelewa safarini. Malori yangu yamebeba mizigo hadi Dar es Salaam, na sijawahi kupoteza hata gunia. Lakini mzigo wa maana kuliko yote niliufikisha kwa mama nikiwa mtoto, kwa miguu mitupu, bila kujua kwamba nimetumwa.