Kenge Ndani ya Arobaini

Nilipoletewa kenge nilikuwa ndani, sijatolewa bado. Kwetu Tanga mwanamke akijifungua hukaa chumbani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, dirisha hufungwa na mlango hurudishwa, upepo usimpige yeye wala mwanawe. Siku ya arobaini ndipo hutolewa nje na mtoto wake, watu wakamwona. Mimi nilikuwa naikaa arobaini hiyo peke yangu. Mtoto wangu alizaliwa alfajiri, akakaa nasi mpaka adhuhuri, na alasiri wanaume wakamchukua wakaenda kumzika.

Nilidhani mambo ya uzazi yameishia hapo. Nilimwambia mama nataka kurudi kwangu, nifagie nyumba yangu, nipike, niwe mtu tena. Mama alinitazama kama nimemtukana.

"Umezaa, hukuzaa?" akaniuliza.

"Nimezaa."

"Basi aliyezaa hukaa arobaini. Hiyo haki yako, hata kama Mungu kachukua kilicho chake."

Mama yangu akishasema hivyo hakuna pa kukata rufaa. Nikakaa. Na baada ya siku mbili tatu nilimshukuru kimoyomoyo, maana chumba kile kilikuwa maficho. Mlango ukisharudishwa hakuna mpita njia wa kunitazama mikononi nimebeba nini.

Wanawake wa mtaani walikuja kunipa pole, na pole zao zilikuwa zile zile: Mungu atakupa mwingine, huyo malaika anakungoja peponi, usilie utamtesa. Walisema kwa mapenzi, najua. Lakini wengine nilitamani kuwarushia mto.

Miaka ile ndiyo kwanza biashara zimefunguliwa. Ujana wangu niliumalizia kwenye foleni: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya kanga usiyojua hata rangi yake mpaka ufike mbele. Mtoto akizaliwa alivishwa kipande cha shuka la bibi yake. Nilipopata mimba, ghafla soko likajaa mitumba. Soksi za watoto za ukubwa wa kidole gumba, vikoti vya sufu ambavyo kwa joto letu mtoto angechemka ndani yake kama kiazi. Nilinunua hata hivyo vikoti. Baada ya mazishi mama alivikunja vyote akavitia sandukuni chini ya nguo zake, nami nikawa najua viko wapi. Nililikasirikia soko zima.

Mume wangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, katika shamba moja la barabara ya bara. Mambo yalipogeuka shamba likasimama, mashine zikanyamaza, na yeye na wenzake wakaambiwa waende makwao. Siku zile alikuwa akifyatua matofali Pongwe, kwa watu wenye nafuu waliokuwa wakijenga. Kila magharibi alikuja kwa mama kunitazama. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema, "U hali gani?" nami nikasema, "Mzima," na mazungumzo yakawa yamekwisha. Alikuwa mtu wa mashine, kitu kikiharibika mkono wake unatafuta spana. Hapa hapakuwa na spana.

Udongo mzuri wa matofali ni wa kichuguu. Siku moja, hata wiki yangu ya kwanza ndani haijaisha, walivunja kichuguu wakakuta ndani mayai ya kenge, mengine yameshapasuka na vitoto vinatoka. Wenzake waliwamaliza kwa majembe, kwa kuwa kenge ni adui wa kuku na hana mtetezi. Yeye alimtia mmoja ndani ya kofia yake akapanda baiskeli. Lakini hayo alinieleza baadaye. Kwanza aliingia chumbani kaishika kofia kwa mikono miwili.

"Nimekuletea mtoto," akaanza, halafu akasikia alichokisema. Uso wake ulibadilika. "Kenge," akasema. "Ni mtoto wa kenge."

Alikuwa wa urefu wa shibiri moja hivi, na zaidi ya nusu mkia. Mweusi, ana madoa ya manjano yaliyopangika mgongoni kama ukili wa mkeka uliotiwa rangi. Ulimi wake wa ncha mbili ulitoka ukarudi. Watu hutukanana kwa jina lake, "Kenge we!", na mimi mwenyewe nimeshawatukana watu hivyo si mara moja, lakini sikuwahi kumwona akiwa mchanga. Aliweka mguu wake juu ya mkono wangu. Nikavihesabu vidole vyake bila kufikiri, kama mama yeyote anavyofanya akipewa mtoto. Vilikuwa vimetimia, na kucha zake.

Mama alipochungulia alipiga yowe la kuita mtaa. "Mtoeni huyo! Ndani ya arobaini?"

"Shikamoo mama," mume wangu akasema kwa adabu zote, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Atakaa, mama," nikasema mimi.

Tangu mazishi nilikuwa sijataka kitu, si chakula wala maji. Nadhani mama alilisikia hilo katika sauti yangu, kwa sababu aliondoka akarudi na tenga la kuchukulia kuku, akalisukuma kwa mguu kutoka mlangoni.

Kenge mchanga hulishwa nini? Tanga nzima ungemwuliza nani swali hilo usionekane umerukwa na akili? Nilimpa uji, akapiga chafya. Nilimpa ugali uliolainishwa kwa mchuzi, akaukanyaga akapita. Siku ya pili mende alikuwa akijipitia zake ukutani, na kenge wangu, aliyekuwa kama kitu kilichochongwa, alimrukia akamtafuna kichwa kwanza. Nilicheka. Mama alisikia kicheko kile akiwa jikoni akaja mbio kwa kudhani nalia.

Kuanzia hapo mama akawa mwindaji wa mende. Mwanamke wa udhu na usafi, asiyekubali hata inzi kutua kwenye sahani, alikuwa akiinama nyuma ya mitungi na ndara mkononi, akiwapiga kwa kipimo, wazimie wasife, kwa kuwa tuligundua kenge hataki kisichotembea. Aliwaleta ndani ya kikombe kilichofunikwa kwa kawa. "Mpe mwanao," alisema siku moja kwa kunitania, halafu akashika mdomo wake. Nilimwambia, "Haidhuru, mama," na kweli haikunidhuru.

Mengine yote tulimfanyia kwa sheria za arobaini, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo. Nilimzungushia kipande cha kanga. Mama alipochoma ubani kunifukiza, nililipitisha tenga juu ya chetezo. Dirisha hatukufungua. Wageni wakija nililifunika tenga wasije wakamtia kijicho. Kenge akitulia tulisema amelala, akizubaa tulisema ameshiba. Na mama, ambaye hakuthubutu kumgusa hata kwa mwiko, alipita mlangoni akisema, "Mfunike huyo, upepo." Tulimlea kwa kila tulichokijua, na tulichokijua kilikuwa mtoto wa mtu. Nilikuwa na furaha siku zile. Nashangaa kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ziliposogea alianza kulegea. Miguu ikawa inatetemeka, tumbo halinyanyuki sakafuni. Manjano ya mgongoni yakafifia. Mende akapita mbele ya pua yake naye akamfuata kwa macho tu. Nilipomgusa taya nilihisi limekuwa laini, linabonyea kama ganda la ndizi. Mume wangu alimbeba kiganjani akampeleka kwenye taa, akamgeuza huku na huku kama kifaa cha mashine.

"Huyu ana matege," akasema. "Kule Pongwe wakubwa zake nawaona kila asubuhi, wamelala juani juu ya mawe. Unawapita karibu hawana habari na wewe. Mpaka wapate moto mwilini ndipo waende kutafuta chakula. Huyu hajaliona jua tangu nilipomtoa kichuguuni."

Hakusema kwa lawama, ila mimi niliutazama ule ubao wa dirisha uliofungwa nikahisi vibaya.

Jua lenyewe halikuwa jambo jepesi. Dirisha la chumba lilitazama uchochoro. Uani kwa mama kulikuwa na banda la makuti la jiko, na ukuta wa jirani umekula kilichobaki. Jua la asubuhi lilipiga mbele ya nyumba tu, barazani. Tulijaribu kumweka barazani ndani ya tenga, mama akiwa mlinzi. Kunguru wawili wakatua juu ya tenga wakaanza kudonoa kwenye matundu, na mama akawapungia ufagio kutoka mbali, kwa kuwa alimwogopa aliye ndani kuliko walio nje. Kisha watoto wa mtaa wakafika na vijiti. Akarudishwa ndani anahema. Ilikuwa wazi kwamba lazima mtu akae naye, amshike. Mume wangu alikuwa akienda Pongwe kabla jua halijachomoza. Nikabaki mimi.

Na baraza ile ilikuwa njia ya sokoni. Kila mtu alipita pale.

"Hutoki," mama akasema. "Arobaini haijatimia. Utaingiwa na baridi, utaniaibisha, na watu watakutazama."

La baridi na la aibu sikuyajali. La watu ndilo lililonifanya nikae kitandani nimejikunyata asubuhi nzima. Nilijua vizuri yatakayotokea. Mwanamke akionekana barazani baada ya kujifungua, macho ya watu hayaendi usoni kwake, huenda mapajani. Nilimsikia kenge akikwaruza tenga, kidogo, halafu akanyamaza. Nikangoja akwaruze tena. Hakukwaruza.

"Mama, huyu anakufa," nikasema. "Siwezi kukaa chumba hiki hiki nikimtazama wa pili."

Mama aliinama akanitafutia viatu chini ya kitanda.

Jua lile liliniumiza macho mpaka yakatoka machozi, na nilifurahi kuwa na kisingizio. Nilikaa barazani, nikamlaza kenge kwenye paja juu ya kanga. Watu walipita. "Habari za asubuhi," na macho yakashuka, yakaona nilichokipakata, yakapanda haraka. Mwanamke mmoja niliyesoma naye chuoni alivuka akapita upande wa pili wa njia. Nilitaka kurudi ndani. Lakini kenge alikuwa amejilaza bapa, amejitandaza kama anayetaka jua lote limwingie, na baada ya muda akanyanyua kichwa. Siku ile ile alimeza panzi.

Nisikuweke roho juu, msomaji: hakupona. Tulikaa barazani asubuhi nyingi, akapata nguvu, akatembea kwenye goti langu, lakini taya lilikuwa limeshaharibika, na kabla mwezi haujaandama alikufa. Tulilia mimi na mama kwa sauti kubwa, hata jirani akaja kugonga kuuliza nani kafariki. Hatukuweza kumwambia.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni moja ya zile alizokuwa hai bado. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mama wa Kipemba, mtu mzima, ambaye kila msimu wa karafuu alirudi kwao Pemba kuchuma. Alipoondoka safari ile nilikuwa na tumbo kubwa, aliniaga kwa kunishika tumboni na kuliombea dua. Hakuwa na habari yoyote. Nilimwona anakuja na mzigo kichwani, na kabla sijainuka alikuwa ameniona barazani, kanga mapajani, mkono wangu juu ya kanga.

Aliutua mzigo katikati ya njia.

"Mashaallah! Ushazaa, na mie sipo!" Alikuja mikono mbele. "Hebu n'mwone, mwanangu. N'mwone."

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Muuza kahawa alisimama. Hakuna aliyefungua mdomo, na siwalaumu, ningesimama vile vile. Kenge alikuwa na joto chini ya kiganja changu. Nilifunua kanga.

"Wangu amekufa," nikamwambia. "Huyu ni kenge."

Nilikuwa sijalitamka neno hilo juu ya mwanangu. Wengine ndio walionitamkia, na kwa maneno ya kupunguza makali: ametangulia, amerudi kwa Mola wake, amepumzika. Lilitoka kavu, na nikaona mikono ya yule mama ikishuka taratibu.

Hakuruka nyuma. Alimtazama kenge, akanitazama mimi. Akasema, "Inna lillahi," kwa sauti ya chini, akaketi barazani karibu yangu, bega kwa bega, ananukia karafuu na jasho la safari. Mzigo wake aliuacha pale pale njiani, watu wakawa wanauzunguka. Hakuniambia nitapata mwingine. Aliniuliza:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Katika wote walioingia kwenye chumba kile kunipa pole, hakuna aliyeniuliza hilo. Wala mimi na mama hatukuwa tumelizungumza.

"Wa kike," nikasema.

"Kamfanana nani?"

Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, zimelala upande mmoja. Nikamwambia paji la uso lilikuwa la baba yake, pana vile vile, na kwamba kope zake hazikuwa zimejitokeza bado. Nilikuwa nasema haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nilipotua kuvuta pumzi nikasikia ndara nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kakamata upindo wa kanga yake mdomoni. Akautoa.

"Na sauti," akasema mama. "Mwambie na sauti yake ilivyokuwa."