Kikohozi cha Marehemu na Mng'ao wa Nyota Iliyokufa

Mume wangu tulimzika Jumamosi. Jumatatu alfajiri nikamsikia akikohoa bafuni.

Usicheke. Kikohozi cha mtu uliyelala naye tangu usichana hukikosei. Viwili vikavu, kimya kidogo, kisha kile kirefu cha kukwangua koo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, moshi ulimkaa kifuani.

Nikapiga magoti. Nikakemea. Kesho yake, tena.

Asubuhi nilimuuliza mama mkwe, ambaye tunaishi naye.

"Mama, hukusikia kitu alfajiri?"

"Kitu gani, mwanangu?" Akaendelea kukunja nguo.

Kumbe nasikia peke yangu!

Wiki zikapita. Nikakonda. Mwisho nikampigia simu shemeji, mdogo wake marehemu.

"Jumapili njoo umchukue mama. Mimi nahama. Nyumba hii imenishinda."

"Shemeji, unajua mama hawezi kukaa kwangu. Atanyong'onyea."

"Njoo tu."

Kitu kimoja sikukiacha: darasa la jioni. Nimeanza sekondari watoto wangu wakiwa wameshaolewa, na kila nikishika kalamu namshukuru Mungu.

Jioni ile mwalimu wa fizikia alituletea picha mbili za sehemu moja ya anga. Moja ya zamani. Nyingine imepigwa baada ya mlipuko wa miale ya gama.

"Nyota kubwa ikifa," alisema, "inaweza kutoa miale mikali kwa sekunde chache, basi. Lakini pale hubaki mng'ao unaofifia taratibu, siku hata miezi. Tuutafute. Kwenye kompyuta, toeni picha ya zamani kwenye picha mpya, kama hesabu ya kutoa. Kitakachobaki kiking'aa ni kigeni."

Zamu yangu ilipofika, nikageuza. Nikatoa mpya kwenye ya zamani. Badala ya doa jeupe, likatokea doa jeusi tii.

Dereva wa lori ninayekaa naye dawati moja akaangua kicheko. "Mama Sala kaizima nyota!"

"Nyamaza wewe. Jana ulizima kompyuta nzima."

Mwalimu akainama kwenye skrini. "Umegeuza, mama. Ukitoa hivi, kitakachong'aa ni kile kilichokuwepo zamani na sasa hakipo."

Nikauliza lililonikaa moyoni. "Mwalimu, nyota imeshakufa. Sasa kinachong'aa ni nini? Mzimu wake?"

"Hapana. Nyota haipo. Ilipokufa ilirusha vitu kwa kasi ya ajabu, vikagonga gesi iliyokuwa jirani. Kinachong'aa ni kile kilichogongwa."

Sikuandika. Nikafunga daftari.

Njiani nikawaza. Siku zote nilikuwa nauliza nyumbani kimeongezeka nini. Sijawahi kuuliza kimepungua nini.

Nikaisikiliza kichwani nyumba yetu ya zamani, sauti moja moja. Mume akikohoa. Maji yakijaa kwenye ndoo. Na mama mkwe akiimba chini kwa chini wimbo wake wa kumsifu Mungu.

Wimbo! Tangu mazishi sijausikia.

Alfajiri kikohozi kilipoanza, sikupiga magoti. Nilisukuma mlango wa bafu.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taulo la mwanawe mabegani. Anakohoa kwa makini, kama mtoto anayekariri somo.

"Mama!"

"Usinikasirikie, mwanangu. Uso wake ninao kwenye picha. Sauti inanitoka. Nikiacha, itapotea."

"Mbona nilipokuuliza ulikataa?"

"Ningeanzaje? Nikwambie ni mimi ninayekutisha?"

Nikakaa sakafuni, nikalia kuliko siku ya mazishi. Kisha sijui nini kiliniingia, nikasema, "Kile cha mwisho, mama, alikuwa anakivuta zaidi."

Akajaribu.

"Hapo hapo!"

Tukacheka na machozi usoni. Kulipokucha nikampigia shemeji: asije, sihami.

Mwezi uliopita mama alisafiri kumsalimia shemeji. Nikabaki peke yangu, milango nimefunga.

Alfajiri, bafuni, kikohozi. Viwili vikavu. Kimya. Kile kirefu.

Nikainua uso kwenye kioo. Midomo iliyokuwa wazi ni yangu.

Ndugu msomaji, ukimsikia marehemu nyumbani, kabla hujakemea tazama walio hai, uone nani kagongwa. Mimi nilimwomba Mungu kwa machozi aifukuze sauti ile. Kila siku namshukuru kwamba hakunijibu.