Siku Mbili Bila Kuganda

Kompyuta ya Mama Neema, mwenye duka la kuchapa pale Kaloleni, ilikuwa ikiganda kila adhuhuri na kupoteza fomu za wateja. Alitaka kuitupa. Nikapatana naye anipe siku mbili.

Kosa nililipata: programu ya waifai ndani ya mfumo endeshi ilichukua kumbukumbu kila ilipotafuta mtandao, na haikuirudisha, hadi ikaisha na kompyuta ikaganda. Nikaandika mstari wa msimbo wa kuirudisha. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hivyo nilipita kupima asubuhi na jioni. Kumbukumbu haikupungua hata kidogo. Nikawatumia wasimamizi wa mfumo huo endeshi, wanaopokea marekebisho ya yeyote, mstari wangu kwa jina langu kamili: "Nimejaribu mwenyewe, imepona."

Leo nimeingia dukani kifua mbele.

"Shikamoo mama. Haigandi tena, eti?"

"Marahaba baba. Haigandi kabisa, tangu jirani anichomekee waya."

"Waya gani?"

"Wa intaneti. Juzi, ulipoondoka tu. Waifai tumeizima, ilituchosha."

Nikachungulia chini ya meza. Waya huo hapo, mwekundu. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu: msimamizi mmoja wa mfumo anauliza nilipima kwa kifaa gani cha waifai. Nikamsomea Mama Neema.

"Pole baba," akasema, akijizuia kucheka. "Waambie tu ulipima waya wangu."