Dole Gumba la Madoa

Mchora vibao yule watu walimwita Madoa, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Suruali yake ilibeba rangi za maduka yote ya mtaa: kijani cha duka la dawa, njano ya kinyozi, bluu ya fundi friji. Hata masikio yalikuwa na vidoa. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa akisema kwamba siku mume akimpotea hatauliza mtu, atafuata matone tu.

Kazi aliijua, na aliipenda kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Madoa hakuchora kitu kimoja mara mbili. Ukimwagiza vibao viwili vya duka lako, utapata ndugu, hupati mapacha.

"Kurudia ni kazi ya mashine," alikuwa akisema.

Sasa mtu wa namna hiyo ukampe kitabu cha hundi, unategemea nini? Zamani aliwahi kuwa na akaunti benki. Hundi ya kwanza aliitia saini yenye mkia mrefu. Iliyofuata akaona mkia umepitwa na wakati, akaweka ua. Ile ya muuza mbao aliipamba kwa kivuli, herufi zikasimama kama nyumba. Hundi zikarudi moja baada ya nyingine, saini hazilingani. Kila ikirudi moja, benki inakata faini, mpaka akaunti ikatumbukia shimoni na kufungwa. Muuza mbao akamtangaza kila kona kuwa ni tapeli. Madoa alilipa deni lote kwa jasho lake, lakini jina likishachafuka si ukuta kwamba utalipaka upya. Akaapa hatakanyaga benki tena maishani.

Kiapo kilidumu mpaka ilipojengwa hospitali mpya. Walitaka mtu wa kuchora vibao vya milango yote, na mishale ya kuonyesha njia. Wakazunguka mtaani wakitazama kazi za watu, wakamchagua Madoa. Siku ile alitembea akichora hewani kwa kidole, watoto wakimfuata nyuma. Kisha mhasibu wa hospitali akamwambia, "Sisi tunalipa kwa benki tu, fundi. Lete namba ya akaunti kabla ya Ijumaa. Usipoleta, kazi tutampa mwingine."

Alirudi nyumbani amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Mke akasimamisha cherehani.

"Wamekunyima?"

"Wamenipa. Ila wanataka akaunti."

"Basi kesho tunakwenda benki."

"Mke wangu, kule jina langu linanuka."

"Hata wewe unanuka mafuta ya taa, na mimi nimekaa na wewe miaka yote hii. Oga, tunakwenda."

Wakaenda. Meneja alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti lakini macho hayachezi. Akawaamkia shikamoo wote wawili, akawapa viti, akaanza kubonyeza kompyuta. Akasogeza uso karibu na kioo. Akabonyeza tena.

"Baba, jina lako linawaka nyekundu huku."

"Nyekundu ipi? Ya tofali au ya nyanya?"

Mke akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ya hatari," alisema meneja.

Madoa akatazama mikono yake. Mke akamwambia, "Mweleze kama unavyonielezaga mimi." Basi akaeleza yote: mkia, ua, kivuli, muuza mbao. Alipofika kwenye kivuli akajisahau, akaanza kukichora mezani kwa kidole ili meneja aone kilivyokaa. Meneja akauma midomo asicheke.

"Deni naona ulilimaliza," akasema. "Na wizi siuoni hapa. Naona mikia tu. Naweza kukufungulia akaunti ya akiba, hiyo haina hundi."

"Hundi na mimi tulishapeana talaka, mwanangu."

"Ila nitilie saini tatu zinazofanana."

Madoa akashika kalamu kama anashika nyoka. Ya kwanza ikatoka safi. Kwenye ya pili mkono ukajiendea wenyewe, ukaacha jani dogo pembeni. Ya tatu ilikuwa na kivuli.

Meneja akaziangalia. "Baba, hawa ni watu watatu."

"Ni ukoo mmoja," Madoa akajitetea.

Akapewa karatasi nyingine. Jasho likamtiririka, na kadiri alivyoubana mkono ndivyo ulivyozidi kuleta maua. Mwishowe meneja akaichukua kalamu polepole.

"Ipo njia nyingine. Dole gumba." Akatazama pembeni. "Kwa kawaida ni la wasiojua kuandika."

Nusu ya maneno yanayosomwa mtaani yalitoka mkononi mwa Madoa. Watoto walijifunzia herufi kwenye vibao vyake. Leo aweke dole, kama mtu asiyeijua hata alifu? Akamgeukia mke wake akitegemea utani. Mke hakutania.

"Milango yote ile, mume wangu," alisema taratibu. "Bado mitupu."

Madoa akaiona milango, myeupe, imejipanga ukumbi mzima, inamsubiri. Akakunja mkono wa shati.

"Lete huo wino."

Akabonyeza. Likatoka bonge jeusi tu, maana dole lenyewe lilikuwa limefunikwa na rangi kavu. Madoa akachomoa mfukoni kitambaa cha mafuta ya taa, akasugua. Harufu ikajaa ofisi. Mlinzi akachungulia kuona kinachoungua. Mke akamnyang'anya kitambaa, akasugua kwa nguvu za fundi cherehani, mpaka ngozi yenyewe ikaonekana.

Akabonyeza tena, na tena, na tena. Yakatoka matatu, hakuna aliyeweza kuyatenganisha.

Madoa akainama, pua karibu iguse karatasi. Vistari vyembamba, vinazunguka, vinapindana, havigusani. Brashi gani ingeweza?

"Nani kachora hii?"

"Umezaliwa nayo, baba."

"Na mimi nahangaika na mikia." Akaangua kicheko mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka, mke naye akashindwa kujizuia, na meneja akaziba mdomo kwa faili. "Niongeze moja, mwanangu. Moja tu."

Meneja akakisogeza kidau cha wino mbali. "Tatu zinatosha."

Kabla ya Ijumaa namba ikafika kwa mhasibu. Leo ukiingia hospitali ile utaona mishale, na hakuna mmoja unaofanana na mwenzake, ingawa yote inakufikisha. Chini ya kila kibao, pembeni, pana alama ndogo ya bluu ya dole gumba. Ipo pia kwenye cherehani ya mke wake, kwenye mlango wa chumbani na kwenye ndoo ya maji.

"Ukiniwekea kwenye gauni langu," mke alimwambia, "nitakurudisha benki wakufunge wewe, si akaunti."