Siku Kumi na Mbili za "Amekula"

Kwa miaka kumi na tisa alianza asubuhi yake mbele ya vizimba saba vya chumba cha nne, buti za mpira miguuni, mkononi karatasi yenye safu tatu: amekula, amepata choo, anacheza. Wenzake maabara humwita Fundi Vizimba. Mtafiti hupita mara moja kwa wiki. Fundi ndiye anayejua nani kaamka na kisirani.

Tumbili jike wa kizimba cha tano alikuwa na namba kifuani. Fundi alimwita Mamkwe, kwa sababu kila akiingia alimpa mgongo.

"Mamkwe wako wa kazini hajambo?" mkewe alizoea kumtania.

"Hajambo. Huyo angalau hanisemi kwa ndugu zake."

Kisha Mamkwe akaanza kuacha biskuti zake ngumu. Fundi alijua utaratibu: ukiandika "hajala" siku mbili mfululizo, daktari wa wanyama anakuja, na tumbili mzee akitolewa kwenye utafiti harudi. Akachukua kijiko nyumbani. Akaziloweka biskuti kwa maji ya uvuguvugu, akazivuruga na ndizi, akampelekea kati ya nondo. Mamkwe akageuka, akapokea. Fundi akaandika: Amekula. Haukuwa uongo. Aliandika hivyo siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu alimkuta amelala sakafuni, shavu limevimba. Daktari alimpa usingizi, akamfungua kinywa. Gego lilikuwa limeoza. Usaha umeingia kwenye taya na kwenye damu. Hapakuwa na la kufanya ila sindano ya mwisho. Fundi alimshika mkono mpaka ulipolegea.

"Karatasi inasema jana kala vizuri," daktari alisema, akitafuta kalamu. "Jino haliendi mbio hivi. Dawa ya majaribio tunayowapa imemmaliza kinga. Naandika 'ghafla.' Kesho hawa sita nawalaza wote, niwatoboe mifupa nitoe uboho, nipime kama nao imewaathiri."

Wale sita walikuwa wameng'ang'ania nondo.

"Daktari, usiandike ghafla."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naloweka."

"Unaloweka nini, mzee wangu?"

"Biskuti. Siku kumi na mbili. Namlisha kwa kijiko."

Daktari, aliyekuwa na umri wa binti yake, aliweka kalamu chini.

"Ungeniambia siku ya pili, ningeling'oa jino hilo. Dakika ishirini tu, baba."

Alimsogezea karatasi. Fundi akakata "amekula" moja baada ya nyingine kwa rula, pembeni akaandika "kwa kulishwa," akaweka sahihi mara kumi na mbili. Wale sita hawakuguswa.

Jioni, kabla mkewe hajauliza habari za Mamkwe, alitoa kijiko mfukoni, akakiweka mezani.

"Ala! Nimekitafuta nyumba nzima. Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi," alisema, na hakukaa kula.