Madam Kabula, sura ya tisa bado ninayo

Sijaamini. Tangu jana mchana nafungua grupu la darasa nikitegemea mtu aandike, "Samahani jamani, nimekosea jina."

Hakuna aliyeandika. Mwalimu wetu wa fasihi, Madam Kabula, alianguka nyumbani kwake Igogo akijiandaa kwenda kanisani, na hakuamka tena.

Ijumaa alifundisha. Wadogo zetu tuliowaacha shuleni wanasema alipaza sauti mpaka darasa la jirani wakacheka. Ijumaa hii hii!

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuongea. Miaka minne, wengine mlidhani nina kigugumizi. Leo naomba mnivumilie.

Mwaka jana, kidato cha nne, tulikuwa na riwaya moja ya zamani. Nakala moja, wanafunzi zaidi ya arobaini. Madam aliiweka mezani, akatoa wembe, akaikata sura kwa sura mbele yetu.

Darasa zima liliguna. Shuleni kwetu ukichana ukurasa mmoja tu wa kitabu, unaitiwa mzazi. Yeye akasema, "Kitabu kizima kabatini hakimfundishi mtu," akaendelea kubana stepla. Tukamwita Madam Wembe. Alijua, na alikuwa anaitika.

Kila sura aliivalisha kava la kaki, tukapokezana. Kazi ilikuwa moja: msimulie mtu mmoja nyumbani, kisha ulete darasani swali atakalokuuliza. Si swali lako. La kwake.

Baba wa mwenzetu mmoja, mvuvi, aliuliza kwa nini kwenye riwaya ile mizani inakaa kwa tajiri siku zote. Tulibishana vipindi viwili, hatukumaliza.

Mimi nilipata sura ya tisa. Mtumishi wa ndani anasingiziwa kuiba bangili. Binti wa mwenye nyumba anajua bangili ilidumbukia kisimani, lakini anakaa kimya, na mtumishi anafukuzwa.

Kwa aibu yangu nilimchagua mtu ambaye hatanicheka: Milembe, dada wa kazi nyumbani kwetu Igoma. Tunalingana umri. Nilimsimulia tukichambua dagaa uani.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haijasimama. Kisha akauliza, "Huyo binti alikuwa anajua. Mbona hakusema?"

Sikuweza kumtazama.

Siku Milembe analetwa kutoka Sengerema nilikuwepo sebuleni. Nilimsikia mama akimwahidi bibi yake kwamba baada ya mwaka mmoja atampeleka kujifunza ushonaji. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na mimi sijafungua mdomo.

Darasani nikapeleka swali nililolitunga mwenyewe, kuhusu kina cha kisima. Madam akanisikiliza, akasema nibaki kipindi kikiisha.

"Hilo umelitunga. La aliyekusikiliza liko wapi?"

Nikamweleza yote huku natazama viatu vyake. Nilitegemea atakuja kuongea na mama. Hakuja. Alisema, "Mwanangu, mimi nasahihisha insha. Hilo swali umeulizwa wewe."

Nilimkasirikia. Nimemaliza shule nikiwa nimemkasirikia, Mungu anisamehe.

Mitihani ikatukuta wengi tuna sura nyumbani. Kila alipoulizia sura ya tisa nilijibu nimeisahau. Kumbe alikuwa nayo Milembe. Aliishia darasa la saba, na alikuwa anaisoma polepole, mstari kwa kidole.

Baada ya mitihani ndipo nikasema. Mama alikuwa anapiga pasi. Sauti ilinitoka ndogo mpaka akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Nimekusomesha uje unihukumu?"

Siku tatu shikamoo yangu iliitikiwa kwa mguno. Siku ya nne alimwita Milembe sebuleni, akamwambia akae kwenye kochi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi pale.

Huu ni mwezi wa pili Milembe yuko kwa fundi cherehani hapa hapa Igoma, anajifunza.

Na leo, leo hii Jumatatu, ndiyo siku niliyopanga kwenda shuleni kumwona Madam. Milembe ameishonea sura ya tisa mfuko wa kitenge. Anasema ndio mshono wake wa kwanza kunyooka. Nilitaka niiweke mkononi mwa Madam na nimwambie kwa sauti ya kusikika. Nilikuwa nafanya mazoezi mbele ya kioo.

Gauni nililolipiga pasi Jumamosi linaning'inia mlangoni. Sijui nilifanye nini.

Mama ameyasoma haya kabla sijayaweka hapa. Nilidhani atanikataza, au ataniambia nimtoe. Alinirudishia simu, akasema, "Niache humo humo. Ndivyo ilivyokuwa."

Wenzangu wa darasa, tunamuaga Jumatano nyumbani kwake Igogo. Angalieni kwenye masanduku na chini ya magodoro. Mwenye sura aje nayo, hata kama imechanika, hata kama kava limeliwa na panya. Tutakiunga kitabu chake pale pale. Milembe atakuja na sindano na uzi.

Aliye mbali anitumie picha ya kurasa zake, nitazinakili kwa mkono.

Madam, hukuniuliza tena kuhusu lile swali. Ulikuwa unapita kwenye dawati langu, unagonga kidole mara moja, unaendelea. Najua ulikuwa unasubiri.

Nimechelewa kukwambia wewe, kwa hiyo naandika mbele ya watu wote: nilisema, Madam. Nilisema mara mbili.

Lala salama, Madam Wembe wetu. Sura ya tisa inarudi Jumatano.