Utangulizi wa Profesa Tasić

Kwetu Paraćin, mji mdogo wa Serbia, kitabu hakitoki mpaka mtu mwenye cheo aandike utangulizi kwamba amekisoma na amekipenda. Kukisoma si lazima. Nimekuwa msahihishaji wa prufu katika kampuni ndogo ya uchapishaji kwa miaka kumi na tisa, na bado sijamwona hata mmoja wa wenye vyeo hao akivuka ukurasa wa tatu.

Vidosava Grbić alikuwa mpishi wa kantini kiwandani. Alipostaafu alimaliza riwaya aliyoiandika kwa miaka kumi na moja kwenye meza ya jikoni, habari za marehemu mama yake. Alitaka jambo moja tu: mtu asiyemjua aisome mpaka mwisho. Aliwatumia wachapishaji sita wa Belgrade. Watano hawakujibu hata la. Wa sita alimpigia simu.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Nimejituma mwenyewe."

"Basi pole, mama."

Ndipo akaja kwetu. Bosi wangu Svetozar, ambaye husoma menyu tu, alisema atachapa iwapo Profesa Tasić, msomi wa mji wetu, ataandika utangulizi.

"Huyo profesa anapenda nini?" Vidosava aliniuliza mlangoni.

"Kusifiwa. Na bata."

"Na kusoma je?"

"Mama, wewe unatafuta profesa au unatafuta msomaji?"

Mkono mtupu haulambwi. Alimpelekea bata wa kuokwa na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, aliyoitengeneza nduguye. Baada ya wiki utangulizi ukafika, kurasa mbili, zote za mto: mto wa utoto, mto wa kumbukumbu. Riwaya yenyewe haina hata mfereji. Nilipekua rafu nikaukuta utangulizi uleule kwenye mashairi ya daktari mmoja wa meno, kilichobadilika ni jina tu. Nikampelekea Svetozar.

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Nani atasoma?"

Siku ya uzinduzi watu sitini walijaa ukumbi wa maktaba, macho yao yote kwenye sarma, nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, na mikate ya jibini ambayo Vidosava alikuwa ameipika tangu alfajiri. Naibu wa meya alikiita kitabu fahari ya mji, huku akichungulia jalada asikosee jina la mwandishi. Kisha Profesa Tasić akasimama, tumbo limetangulia, akayasifu "mashairi haya yanayotiririka." Debe tupu haliachi kuvuma. Makofi yakapigwa. Niliwadharau wote, kuanzia profesa mpaka yule bibi wa nyuma aliyekwisha kutandaza kitambaa mapajani.

Vidosava akainuka.

"Asanteni. Nina swali moja, halafu tule. Aliyesoma aniambie, mama yangu alikufaje?"

Profesa akakohoa.

"Kwa heshima, mama. Alikufa kwa heshima."

"Wapi, profesa?"

"Kando ya mto, mikononi mwa wanawe."

Vidosava alipitisha macho ukumbini, mstari kwa mstari, mpaka akanifikia. Alijua nani alipitia prufu zake.

Nami nilijua. Mama yake alianguka kwenye foleni ya mkate mwaka tisini na tatu, fedha yetu ilipokuwa haina thamani, amebakiza watu wawili kufika dirishani. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akachukua mkate wa fungu la marehemu, akaupeleka kwa kina Vidosava ukiwa bado moto, na mkate ukaingia nyumbani kabla ya habari za msiba. Nilipoisoma sura ile niliweka kalamu chini nikalia.

Svetozar, aliyeketi mbele yangu, aligeuka akanikazia jicho. Nikainama, nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

"Haya, karibuni chakula," Vidosava akasema.

Nikaenda mezani na wenzangu, nikajaza sahani.